Kabati Lapanda Kiwavi

Zenon Sitarz hakuwa mtu wa kupanda vitu. Hata glopu ya sebuleni ikiungua, ni mkewe aliyepanda kiti kuibadilisha, na yeye Zenon akishikilia kiti kwa mikono miwili huku amefumba macho kwa niaba yake. Kazini alisoma mita za gesi, na alipoambiwa mita iko ghorofa ya nne alipanda ngazi akiwa amebandika bega ukutani, mpaka koti lake likachakaa bega la kulia kabla ya la kushoto. Ukimcheka alikujibu kwamba binadamu angetakiwa kuwa juu angezaliwa juu.

Mtu wa namna hiyo, Mungu akamwoza Bogna.

Bogna alikuwa akishona magauni ya harusi katika mji wa Łomża. Wiki nzima aliinamia lesi na shanga, akiwatuliza mabibi harusi wanaolia na mama zao wanaolia zaidi, na ikifika Jumamosi alitaka kitu kimoja tu: kutupwa. Alipenda miporomoko. Wewe labda umeiona kwenye picha: vigari vilivyofungamana, reli inayopanda juu kuliko mnara wa kanisa, halafu inaporomoka bila kuomba radhi. Watu wengine hupanda mara moja, wakatapika, wakaapa kutorudia. Bogna alishuka akiwa na mashavu mekundu kama msichana aliyebusiwa, akasema, "Mwingine uko wapi?"

Wala usidhani aliipenda ile mikubwa inayotangazwa kwenye mabango. Ile kila mtu anakwenda. Bogna na wenzake wa chama cha mashabiki waliitafuta ile isiyojulikana na mtu: mmoja nyuma ya kituo cha mafuta, mwingine kwenye uwanja wa kiwanda cha sukari kilichokufa zamani, mwingine uliofichwa na hospitali ya wagonjwa wa kifua kana kwamba ni aibu ya ukoo. Kadiri unavyozidi kuwa na kutu ndivyo walivyozidi kuupenda. Safari moja walivuka mpaka hadi Slovakia, kutwa nzima barabarani, kwenda kuketi ndani ya vigari vya umbo la stroberi vilivyotengenezwa kwa watoto wa chekechea. Bogna alikunja magoti mpaka yakagusa masikio, na wenye stroberi zao, yaani watoto, wakabaki kwenye foleni wakilia.

Ushabiki huo una sheria zake, na mlinzi wa sheria alikuwa Bwana Hilary, mfamasia mstaafu na mwenyekiti wa chama, mtu mwembamba ambaye ukimtazama upande huna uhakika kama yupo. Kila mporomoko unahesabika mmoja, uwe mlima au kichuguu. Lakini lazima vigari vimalize mzunguko kwa nguvu zao vyenyewe. Vikikwama, vikasukumwa, vikavutwa, hujapanda kitu. Na ukisafiri mpaka mwisho wa dunia ukakuta pamefungwa, husemi pamefungwa, unasema umenuniwa. "Nimenuniwa Romania," watakwambia, kwa sauti ambayo wengine huitumia kusema wamefiwa.

Zenon alikwenda nao kila mahali, na kila mahali aliketi chini. Alishika mikoba. Ilianza na mkoba wa Bogna tu, kisha miwani ya huyu, kofia ya yule, funguo, simu, kifaa cha masikio, na meno ya bandia ya Bwana Hilary yakiwa yamefungwa kwenye leso. Chama kizima kilimwita Kabati. Naye hakuchukia. Alikuwa na benchi lake, chupa yake ya chai, matango yake ya chumvi ndani ya kopo, na kila vigari vilipopita juu aliinua kifuniko cha chupa, ndicho kikombe chake cha chai, kama anayemtakia mtu afya njema. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Alijua vizuri kwamba haonekani, maana mtu anayeporomoka kichwa chini miguu juu atakuwa na nafasi ya kutazama kikombe cha chai? Aliinua tu. Miaka ikapita, nywele zikapungua, kitambi kikaongezeka, na kikombe kikawa kile kile.

Sasa kuna kijiji kinaitwa Borowiki, na huko kulikuwa na mporomoko uitwao Kiwavi.

Kiwavi alitengenezwa na mhunzi mmoja, Teofil, kwa mabomba ya zizi, magurudumu ya trela na mota ya mashine ya kupuria shayiri. Alikuwa wa kijani, macho yake taa za trekta, na aliendeshwa siku moja tu kwa mwaka, mwezi wa Agosti, sikukuu ya Mtakatifu Roko, msimamizi wa parokia. Kila shabiki wa maana alikuwa amempanda. Bogna alikuwa hajampanda. Mara ya kwanza alimkuta mvua imemtia utelezi. Mara ya pili Teofil alikuwa anamwoza binti yake. Mara ya tatu reli ipo, vigari vipo, Teofil yupo, ila mota imeazimwa na jirani kupuria. Bogna aliketi kwenye nyasi siku ile akaitazama reli mpaka jua likachwa, na Zenon akaketi karibu naye akammenyea yai.

Halafu yakaja maumivu ya mgongo. Daktari kule Białystok alitazama picha, akatazama Bogna, akasema Septemba atamtia vyuma, na baada ya hapo asitikiswe tena na kitu chochote.

"Hata farasi?" Bogna aliuliza.

"Hata farasi."

"Hata lifti?"

"Lifti ruhusa, Bibi. Ila ukae nayo kwa heshima."

Alicheka mbele ya daktari. Nyumbani alishona usiku kucha gauni ambalo halikuwa na haraka. Na kana kwamba hilo halitoshi, wiki ile ile Bwana Hilary akapiga simu: Teofil amezeeka, mkwe wake anataka uwanja ule afungue karakana ya matairi, na Kiwavi anakatwa vipande kesho yake baada ya sikukuu ya mwaka huu. Kwa hiyo ni Agosti hii au basi. Zenon alisikiliza upande wa mkewe wa mazungumzo, akaenda jikoni, akaanza kufunga matango kwenye kopo.

Walifika Borowiki asubuhi ndani ya kigari cha Bwana Hilary, Zenon peke yake kiti cha nyuma, na gari limeinama nyuma kama mbwa anayekaa. Kijiji kilikuwa kitupu. Vibanda vya sikukuu vipo, mikate ya duara imetungwa kwenye uzi kama shanga, mioyo ya biskuti imetundikwa, lakini wenye vibanda na wenye kijiji wote walikuwa kanisani. Teofil peke yake alisimama kando ya mashine yake, suti nyeusi, soli za viatu mpya, na glovu nyeupe zimechungulia mfukoni, maana ndiye mbeba bendera wa maandamano ya sikukuu.

"Karibuni," alisema. "Mko wangapi?"

"Watatu," alijibu Bwana Hilary.

Teofil alimtazama Bwana Hilary kutoka juu hadi chini, na hakuchukua muda mrefu. "Huyu tunamhesabu?"

"Mimi nimeshampanda Kiwavi, Bwana Teofil. Unanikumbuka."

"Nakumbuka. Ulipanda na darasa zima la komunyo ya kwanza. Kiwavi anataka uzito, bwana. Akiwa mwepesi anamfikia Mama Mkwe, anakataa."

Mama Mkwe lilikuwa jina la nundu ya mwisho. Reli ilipanda nyuma ya ghala, ikaporomoka juu ya lundo la samadi, ikapita katikati ya mipeasi miwili, kisha kabla ya kufika nyumbani ikainuka tena kwa ghafla, hapo ambapo kila mtu, kama kwenye ziara yoyote ya ukweni, alianza kupunguza mwendo.

"Tia magunia ya viazi," Bogna alisema. "Nimesikia hutia viazi."

"Viazi vimepigwa marufuku." Teofil alivua kofia, kana kwamba anamtaja marehemu. "Mwaka jana gunia lilipasuka pale pale juu, na maandamano ndiyo yanapita. Viazi viliiangukia bendi. Kimoja kiliingia kwenye lile tarumbeta kubwa la Kazik, akapuliza wee, akapuliza, kikatoka kikampata padri. Padri kaniita: Teofil, viazi au bendera, chagua. Ningefanyaje? Babangu alibeba ile bendera."

"Basi tungoje watu watoke kanisani."

"Wakitoka kengele inalia. Kengele ikilia nazima mota, nachukua bendera."

"Na baada ya maandamano?"

"Baada ya maandamano nakunywa, Bibi. Na nikishakunywa siendeshi hata toroli. Mnisamehe, ndivyo nilivyo. Ni sasa hivi, padri akiwa kwenye mahubiri. Leo kaanzia kwa Adamu, tuna nafasi."

Basi wakajaribu. Bogna kiti cha mbele, Bwana Hilary nyuma yake, meno yako kwa Kabati. Mota ilikohoa, mnyororo ukakaza, Kiwavi akapanda nyuma ya ghala akilia kama mlango wa zamani. Zenon alikaa kwenye gogo, akamimina chai. Urefu wote ule haukuzidi paa la ghala, lakini kwake yeye ilikuwa milima ya Tatra. Vigari vikaporomoka, Bogna akapiga kelele yake ile, vikapita samadi, vikapita mipeasi. Zenon akainua kikombe. Vikaanza kumpanda Mama Mkwe, vikapunguza mwendo, vikapunguza, pua ya Kiwavi ikachungulia upande wa pili kama ng'ombe anayetazama lango asilolipenda. Kisha vikarudi kinyumenyume, vikapanda kidogo huku, vikapanda kidogo kule, vikatulia bondeni.

Kutoka kanisani ilisikika sauti ya padri, amefika kwa Nuhu.

"Nisukume?" Teofil aliuliza.

"Ukisukuma haihesabiki," alisema Bwana Hilary, akiwa amekaa bondeni bila meno na bila huruma.

"Nani anahesabu?"

"Mimi."

"Hilary," Bogna alisema polepole, "mimi Septemba naingia kisuni."

"Najua, Bogna. Na moyo unaniuma. Lakini ukitaka nikudanganye, utajua nimekudanganya, na utakaa na uongo huo mpaka kufa. Nisukumwe mimi mwenyewe kaburini kama nasema kwa ubaya."

Hakubishana naye. Na hapo ndipo utajua Bogna alikuwa shabiki wa kweli: angeweza kuibiwa pochi akasamehe, lakini mzunguko wa kusukumwa asingeukubali hata kama angepewa na askofu. Teofil alivirudisha vigari nyumbani kwa trekta, akaangalia upande wa kanisa, akasema, "Mara moja tu tena. Mkipata wa kuongeza."

Wanaume wawili wakageuka wakatazama gogo.

"Kabati," Bwana Hilary alisema, kwa upole wa mfamasia anayekupa dawa chungu, "wewe kwenye mizani unasomaje siku hizi?"

"Hapana," alisema Zenon.

"Nauliza tu."

"Na mimi najibu tu. Hapana. Moyo wangu. Presha. Na nimekula matango."

"Bwana mkubwa," Teofil alisema, "wametoka humu watoto wa miaka sita wakiomba tena."

"Watoto hawana akili. Ndiyo maana hawaruhusiwi kupiga kura."

Bogna peke yake aligeukia reli. Hakumtazama hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma Zenon. Katika maisha yao yote pamoja hakuwahi kumwambia "panda." Hakuwahi kumcheka mbele za watu, wala kumlinganisha na waume wa wenzake. Sasa alifungua mkanda, akashuka, akaweka mkono nyuma ya kiuno pale panapouma, akampiga Kiwavi kofi dogo kwenye jicho kama unavyoaga mnyama wa mtu.

"Basi, twendeni," alisema, akimwita mumewe kwa jina la nyumbani. "Zenek, nipe mkoba wangu."

Zenon alisimama na mkoba. Miguu yake iliujua mzigo ule kuliko ilivyojua viatu. Alimtazama mkewe akinyoosha mkono, mkono uliojaa alama za sindano, na akaona kwamba akimpa mkoba ule sasa, atakuwa amempa na mengine yote. Ulimi ulitafuta udhuru wa mwisho uliobaki ghalani, ukaupata.

"Mkoba nani atashika?" alisema.

"Mimi si ninaondoka nao?"

"Nikipanda. Nasema, nikipanda mimi, mkoba nani atashika? Maana Hilary lazima apande, na huyu bwana yuko kwenye breki. Una simu ndani. Una miwani. Una meno ya mtu."

Hakuna aliyecheka. Teofil alikunjua vidole vyake vya uhunzi, akatoa glovu nyeupe mfukoni, akazivaa, na kwa mikono ile ya kubebea bendera ya Mtakatifu Roko akaupokea mkoba.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Walimweka Zenon kiti cha mbele pamoja na Bogna, na mkanda ulikataa kumzunguka mpaka Teofil akaongeza kipande cha hatamu za farasi. Mota ilipokohoa, Zenon naye akakohoa. Mnyororo ulipokaza, aliwataja watakatifu wote anaowajua, na walipoisha akaendelea na majina ya wakuu wake wa kampuni ya gesi.

"Fumbua macho," Bogna alimwambia walipofika juu.

"Yamefumbuka."

"Yamefumba, Zenek."

"Basi yakae hivyo hivyo, wewe tazama kwa wawili."

Wakaporomoka. Sitaeleza sauti aliyoitoa. Wanawake waliokuwa kiti cha mwisho kanisani waliapa baadaye kwamba walidhani ng'ombe wa mtu anazaa. Tumbo lake lilibaki nyuma ya ghala na yeye akafika kwenye samadi bila tumbo. Mpeasi wa kwanza ukampiga tawi, wa pili ukamdondoshea tunda bichi kichwani. Kisha akahisi mwendo unapungua, unakuwa mtamu, na akafikiri, Mungu ni mwema, tumefika.

"Hatujafika!" Bogna alipiga kelele. "Ni Mama Mkwe! Anakataa, Zenek, anakataa! Egemea mbele!"

Alikuwa hajui wapi ni mbele. Lakini aliisikia sauti yake, na sauti ile haikuwa ya furaha ya kutupwa. Ilikuwa ya mtu anayeona mlango unafungwa. Bogna alikuwa ameinama mbele kabisa, na Zenon akaelekea kule sauti ilikotoka. Akaegemea na mabega, akaegemea na kitambi, na matango yote na mikate yote ya maisha yao pamoja, kila kiazi alichokaangiwa, kila keki ya jibini ya Pasaka. Kiwavi akatulia kileleni, asiende mbele asirudi nyuma. Kitu fulani kikalia kwi. Halafu, polepole kama bikizee anayekubali kuinuka kitini, akainamisha pua, akashuka nyumbani.

Kengele ikalia.

Teofil alizima mota. Bogna alikuwa analia, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, na amemshika mumewe sikio kwa sababu ndilo lililokuwa karibu.

"Ngoja kwanza," Bwana Hilary alisema kutoka nyuma. "Ameegemea."

Wote waligeuka. Nadhani hata Kiwavi aligeuka.

"Kuegemea," alisema Bwana Hilary, akifikiri, "si kusukumwa. Kunatoka ndani ya kigari. Abiria ni sehemu ya kigari, na kitambi ni sehemu ya abiria." Akanyoosha kidole kama hakimu. "Inahesabika. Tena nirudishieni meno yangu, nataka kuwapongeza vizuri."

Zenon hakungoja pongezi. Alikwenda nyuma ya mpeasi, akapiga magoti, akarudisha matango duniani. Wakati huo huo maandamano yakaanza kupita, padri, bendi, watoto wenye vikapu vya maua, na mbele yao Teofil na bendera, glovu moja ina doa jeusi la grisi. Bibi mmoja wa kijiji alimwona mgeni amepiga magoti kichwa chini, mabega yanatetemeka, akatoka kwenye mstari akamgusa mgongo.

"Lia, baba," alimwambia. "Mtakatifu Roko anasikia."

Njiani kurudi Zenon hakusema kitu. Bogna alikaa naye nyuma, amelaza kichwa begani pake, na gari lilikwaruza kila tuta.

Kesho yake Kiwavi alikatwa. Septemba Bogna alitiwa vyuma, na vilikaa vizuri. Majira ya baridi alijifunza upya kukaa, kusimama, kushona akiwa amenyooka kama mshumaa. Chama kilimletea supu na habari za miporomoko, naye alisikiliza habari akasukuma supu. Zenon aliona. Mwezi wa Mei, wakiwa mezani, alisema akiwa amejificha nyuma ya gazeti:

"Nasikia kule upande wa Lublin, nyuma ya kiwanda cha siki, kuna mmoja mdogo."

Bogna aliweka kijiko chini. "Zenek. Mimi sipandi tena."

"Wewe nani kakutaja?"

Walikwenda kwa gari la Bwana Hilary. Mtunza uwanja aliwasha mashine kwa ajili ya mteja wake mmoja wa siku ile, mwanamume mnene aliyekuwa mweupe kama jibini. Zenon alimkabidhi Bogna miwani, funguo na kofia, akamwonyesha benchi, akamwambia matango yako chini ya taulo. Akapanda akiwa amefumba macho, akiwataja watakatifu. Lakini kileleni mnyororo ulisimama kidogo, kama inavyotokea kwa mashine za zamani, na katika ule ukimya alikumbuka alivyoambiwa na Bogna, akafumbua jicho moja.

Aliona bomba la kiwanda. Aliona paa, kuku, gari la Hilary. Na chini kabisa, wazi kama kitu kilichowekwa kwenye kiganja, aliona benchi, na Bogna amekaa amenyooka na mikoba mapajani, ameinua kifuniko cha chupa ya chai.

Aliposhuka alikuja akakaa karibu naye.

"Kile kikombe," alisema. "Kinaonekana kutoka kule."

"Kinaonekana," Bogna alisema. Alimmiminia chai, akamvalisha kofia. "Unadhani nilikuwa natazama nini kule juu?"